Huyu ni mamalia au siye? Mwongozo wa kumpima mnyama yeyote, kwa watoto wa shule ya msingi

Ukimuuliza mtoto wa darasa la tatu mamalia ni mnyama gani, mara nyingi atakujibu hivi: "Ni mnyama wa miguu minne anayezaa." Jibu hilo linamfaa ng'ombe, linamfaa mbuzi, linamfaa na paka. Ukimtajia popo, linakwama. Ukimtajia nguva wa baharini, ambaye hana hata mguu mmoja, linakwama tena. Na yupo chura mdogo wa Tanzania mwenye miguu minne, anayezaa watoto walio hai, naye si mamalia hata kidogo.

Kwa hiyo tutafuata njia nyingine. Badala ya kukariri orodha ya wanyama, utajifunza maswali ya kumpima kila mnyama unayekutana naye, moja baada ya jingine, mpaka umjue. Maswali yenyewe ni machache, na moja lina uzito kuliko mengine yote: mtoto wa mnyama huyu hula nini siku zake za kwanza duniani? Ukishika hilo, umeshika sehemu kubwa ya somo.

Tafuta daftari, penseli na mtu mzima wa kufuatana nawe utakapokwenda kutazama wanyama. Katika ukurasa wa kwanza chora jedwali lenye safu tano: jina la mnyama, uti wa mgongo, maziwa, nywele, na jibu lako. Acha mistari mingi chini yake, maana utarudi kwenye jedwali hilo tena na tena.

Kabla hatujaanza, kuna sharti: tunatazama, hatushiki. Mbwa au paka anayenyonyesha anaweza kukuuma akidhani unamnyang'anya watoto. Popo usimguse kabisa, awe hai au amekufa, kwa sababu popo na wanyama wengine wa porini wanaweza kubeba magonjwa mabaya. Ikitokea mnyama yeyote amekuuma au amekukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie mtu mzima palepale, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo ikiwahiwa. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Hatua ya kwanza: tafuta uti wa mgongo

Inama kidogo, kisha pitisha vidole katikati ya mgongo wako kuanzia shingoni kwenda chini. Utagusa vinundu vigumu vilivyopangana. Hizo ni pingili za uti wa mgongo wako, na kila mamalia anazo.

Swali hili linatupunguzia kazi. Nzi, buibui, kaa, konokono, jongoo na pweza hawana uti wa mgongo, kwa hiyo ukiwaandika katika daftari lako utajaza "hapana" na kuishia hapo. Kiwavi naye yumo humo, hata yule mwenye vinywele vinavyowasha ukimgusa. Vinywele vyake si nywele za kweli.

Wanyama wenye uti wa mgongo tunawagawa katika makundi matano: samaki, amfibia kama vyura, reptilia kama nyoka, mijusi, kobe na mamba, halafu ndege, halafu mamalia. Ukila samaki leo jioni, tazama ule mfupa mrefu unaobaki sahanini. Huo ni uti wa mgongo. Samaki amevuka hatua ya kwanza. Hatua ya pili ndiyo itakayomkwamisha.

Hatua ya pili: uliza kuhusu maziwa

Hapa usiharakishe. Mamalia ni mnyama ambaye jike lake hutengeneza maziwa katika tezi maalumu za mwili wake na kumlisha nayo mtoto. Mwaka 1758 mtaalamu wa Sweden aitwaye Carl Linnaeus alipanga upya makundi ya wanyama, akayafanya maziwa kuwa alama kuu ya kundi hili. Nyangumi, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akihesabiwa pamoja na samaki, akahamishwa na kuwekwa anapostahili.

Mimi ningeanza na mbuzi, kwa sababu ni mpole na hakosekani mtaani au kijijini. Omba ruhusa kwa mwenye mbuzi, usimame pembeni, utulie. Mtoto wa mbuzi akitaka kunyonya hujisogeza chini ya tumbo la mama, mara nyingine hupiga magoti ya mbele, halafu hukipiga kiwele kwa kichwa. Watoto wengi hudhani anamwumiza mama yake. Hapana, kule kugonga kunasaidia maziwa kushuka. Tazama na kamkia kake kanavyotikisika muda wote anaponyonya.

Sasa hesabu chuchu. Mbuzi ana chuchu mbili. Ng'ombe ana nne. Mbwa ana safu mbili chini ya tumbo, aghalabu chuchu nane mpaka kumi. Nguruwe huwa nazo nyingi kuliko hizo. Andika hesabu hizo pembeni, kisha muulize mfugaji kila mmoja wa wanyama hao huzaa watoto wangapi kwa mara moja. Mbuzi huzaa mmoja au wawili, nguruwe huzaa kundi zima. Utaona mwenyewe hesabu hizi mbili zinavyokwenda pamoja.

Muulize mfugaji pia kuhusu dang'a. Hayo ni maziwa ya kwanza kabisa baada ya kuzaa, mazito na ya rangi ya manjano. Ndani yake mna kinga ya mwili ambayo ndama bado hana ya kwake, ndiyo maana mfugaji mwangalifu huhakikisha ndama amenyonya dang'a katika saa za mwanzo. Binadamu naye anayo. Mtoto mchanga anayewekwa titini mapema huyapata maziwa hayohayo mazito.

Si wanyama wote wenye chuchu mahali unapotarajia. Tembo jike ana mbili kifuani, kati ya miguu ya mbele. Popo anazo kifuani, na mtoto hung'ang'ania hapo. Nguva anazo makwapani, nyuma kidogo ya mapezi yake ya mbele. Pomboo na nyangumi wamezificha ndani ya mikunjo ya ngozi sehemu ya nyuma ya tumbo, hivyo ukiwatazama kwa nje huoni kitu. Mtoto wa kiboko huweza kunyonya hata mama akiwa ndani ya maji: huziba pua, hubana masikio, akinyonya kidogo hupanda juu kuvuta pumzi, kisha hurudi.

Na dume je? Beberu hanyonyeshi, lakini usimwandikie "hapana". Tunauliza kuhusu aina yote ya mnyama, kama majike wake hunyonyesha. Baba yako ni mamalia vilevile kama mama yako.

Hapa pana mitego miwili, na ni vizuri uijue mapema. Wa kwanza ni njiwa. Njiwa, dume na jike, huwalisha makinda yao kitu cheupe kinachofanana na maziwa mazito. Kitu hicho hutoka kwenye mfuko wa chakula ulio kooni, hakitoki kwenye tezi za maziwa, na makinda hupewa mdomo kwa mdomo. Njiwa ni ndege. Mtego wa pili ni mbung'o, yule nzi anayeeneza ugonjwa wa malale. Jike hukuza buu mmoja ndani ya tumbo lake na kumlisha humohumo majimaji yenye virutubisho kama vya maziwa. Ajabu kubwa kwa mdudu! Ila mbung'o alikwishatoka katika hatua ya kwanza, kwa kuwa hana uti wa mgongo.

Mamba naye humchanganya mtu. Mama mamba hulinda mayai yake, na watoto wakianguliwa huwabeba kinywani mpaka majini. Ni mama mzuri, lakini hana tone la maziwa. Kulea vizuri hakumfanyi mnyama kuwa mamalia.

Hatua ya tatu: tafuta nywele

Mara nyingi hutabahatika kumkuta mnyama akinyonyesha. Mwenye watoto yuko mafichoni, au uliyemwona ni dume. Hapo tafuta nywele. Kila mamalia huwa na nywele wakati fulani wa maisha yake, hata kama ni chache sana, hata kama ni zile alizokuwa nazo tumboni mwa mama tu. Na hakuna mnyama asiye mamalia mwenye nywele za kweli.

Jitazame mwenyewe kwanza. Simama karibu na dirisha, nyoosha mkono wako kwenye mwanga wa jua, utaona malaika, vile vinywele laini. Viko karibu mwili mzima isipokuwa viganja, nyayo na midomo.

Sasa tofautisha nywele na manyoya ya ndege. Okota unyoya wa kuku uani na uulinganishe na unywele mmoja wa kichwani mwako. Unyoya una kijiti katikati, na kutoka kwenye kijiti hicho nyuzi nyingi zinachipuka pande mbili. Unywele ni uzi mmoja tu usio na matawi. Nywele za mbuzi, sufu ya kondoo na sharubu za paka zote ni nyuzi za namna hiyo. Baada ya kuokota unyoya, nawa mikono.

Wapo mamalia wanaohitaji jicho kali. Tembo kwa mbali anaonekana ana ngozi tupu. Tafuta picha yake iliyopigwa kwa karibu, utaona nywele ngumu mgongoni, kidevuni na kwenye ncha ya mkia. Mtoto wa tembo huwa nazo nyingi zaidi. Kiboko ana sharubu fupi ngumu kuzunguka mdomo. Pomboo huzaliwa na vinywele vichache kwenye mdomo wa juu, na baada ya muda mfupi hupukutika. Nyangumi wa nundu, ambaye kuanzia Julai hivi huja kutoka bahari za baridi za kusini na kupita pwani ya Afrika Mashariki akija kuzaa, ana vinundu kichwani, na kila kinundu kimeshika unywele.

Nungunungu ana miiba. Ile miiba ni nywele zilizonenepa na kuwa ngumu. Kalunguyeye naye ni vivyo hivyo. Na kwa kuwa nimemtaja nungunungu: si kweli kwamba huirusha miiba yake kwa adui. Miiba hung'oka kwa urahisi ikimchoma anayemsogelea, basi.

Anayenipendeza kuliko wote katika hatua hii ni kakakuona. Mwili wake umefunikwa magamba kuanzia kichwani mpaka ncha ya mkia, na mtu akimwona mara ya kwanza husema ni ndugu wa mamba. Magamba hayo yameundwa kwa keratini, kitu kilekile kinachounda kucha zako na nywele zako. Tumboni, mahali pasipo na magamba, ana vinywele. Jike huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, humnyonyesha, na mtoto akikua kidogo husafiri amepanda kwenye shina la mkia wa mama. Kwa hiyo mjazie "ndiyo" katika safu zote. Sehemu kadhaa za Tanzania watu humwona kuwa mnyama wa bahati: akionekana huletwa kijijini, huwekewa vitu kama maji na nafaka, na wazee husoma mwaka utakavyokuwa kwa kutazama anakielekea kipi. Mimi nasema wazi, akionekana aachwe aende zake. Kakakuona anawindwa vibaya kwa ajili ya magamba yake, na mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona duniani.

Hatua ya nne: joto na pumzi

Hatua hii inasaidia, lakini haitoshi peke yake.

Mwili wa mamalia hutengeneza joto lake wenyewe na kulishikilia karibu pale pale, mchana na usiku. Wewe uko kwenye nyuzi 37 hivi za selisiasi. Ng'ombe mzima ana 38.5 hivi, mbuzi ana 39 hivi. Mjusi hana uwezo huo, ndiyo maana asubuhi unamkuta ametulia juu ya jiwe akiota jua kabla ya kuanza kukimbizana. Lakini ndege nao wana joto lao: kuku yuko karibu na nyuzi 41, juu kuliko wewe. Ukisema "ana joto, basi ni mamalia", utamwingiza na kuku.

Tena yuko mamalia mmoja anayevunja kanuni. Kenya, Ethiopia na Somalia kuna fuko asiye na manyoya, mwenye ngozi ya waridi iliyokunjamana, anayeishi ardhini katika makundi makubwa yenye malkia mmoja anayezaa. Joto la mwili wake hupanda na kushuka kulingana na joto la mashimo anamoishi. Bado tunamhesabu kuwa mamalia, kwa sababu malkia huyo hunyonyesha, na ukimwangalia vizuri utaona vinywele virefu vilivyotawanyika mwilini, anavyovitumia kupapasa njia gizani.

Pumzi ni rahisi zaidi. Mamalia wote huvuta hewa kwa mapafu, pamoja na wale wasiotoka majini maisha yao yote. Nguva anayekula nyasi chini ya bahari lazima apande juu kila baada ya dakika chache. Pomboo ana tundu la pua juu ya kichwa. Samaki wengi hawana haja ya kupanda. Wana matamvua yanayonyonya hewa iliyomo ndani ya maji. Ila kumbuka kwamba mamba, kasa na nyoka nao wana mapafu.

Ukikuta mifupa mitupu

Siku nyingine utakuta fuvu porini au mfupa makumbusho, na hakuna maziwa wala nywele za kutazama. Anza na meno. Mamalia wengi wana meno ya namna tofauti katika kinywa kimoja: ya mbele ya kukata, chonge za kurarua, magego ya kusaga. Ya mamba karibu yote yana umbo moja, na jino likitoka jingine huota, tena na tena, miaka mingi. Wewe unapata seti mbili tu: meno 20 ya utotoni, kisha 32 ya ukubwani. Jino lako likilegea ukiwa na miaka sita au saba, hilo ni jambo la kimamalia kabisa. Kakakuona hapa atakuacha njia panda, kwa sababu hana jino hata moja.

Shingoni hesabu pingili. Wewe una saba. Panya ana saba. Twiga, pamoja na urefu wote ule, ana saba pia, ila kila moja ina urefu wa sentimita 25 hivi. Mamalia wachache sana duniani wanatofautiana na hesabu hiyo. Bata, ambaye shingo yake ni fupi mno mbele ya ile ya twiga, ana pingili nyingi kuliko zote hizo.

Kuna na alama ya ndani ya sikio: mamalia wana vifupa vitatu vidogo mno vinavyopitisha sauti, ilhali ndege na reptilia wana kimoja tu. Hivyo huwezi kuviona nyumbani, lakini vijue.

Hatua ya tano: wapime hawa wanne bila kudanganyika

*Papa potwe na nyangumi.* Kati ya Oktoba na Machi, katika maji ya Kisiwa cha Mafia karibu na Kilindoni, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kupita mita 12. Ni mkubwa kama nyangumi wengi, ana madoadoa meupe, na huzaa watoto walio hai, kwani mayai huanguliwa tumboni mwake. Mtoto mwerevu atasema ni mamalia. Mtazame mkia. Mkia wa papa potwe umesimama wima, naye huupeleka kulia na kushoto. Mkia wa nyangumi, pomboo na nguva umelala, nao huupeleka juu na chini. Pembeni mwa kichwa papa potwe ana matamvua. Na hana maziwa. Ni samaki. Alama hii ya mkia wavuvi huitambua kwa jicho moja, na ukiwa Kizimkazi kule Unguja au Watamu kule Kenya ndani ya mtumbwi ndiyo itakayokusaidia haraka kuliko zote.

*Popo na mbayuwayu.* Wote wawili wana mabawa, na popo wengi hula wadudu angani jioni kama mbayuwayu. Bawa la mbayuwayu ni la manyoya. Bawa la popo ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya vidole virefu. Ana mkono kabisa, na kidole gumba chenye ukucha kimejitokeza juu. Mwili wake una nywele, na mtoto ananyonya. Kule Pemba wapo popo wakubwa ambao hawapatikani kwingineko duniani, mabawa yao yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6, nao hula matunda. Wanakijiji wa Kidike huwalinda, na ukipata nafasi ya kufika mchana utawaona wakining'inia mitini wamejifunika kwa mabawa yao. Usimwite popo ndege. Kati ya kila aina tano za mamalia duniani, moja hivi ni popo.

*Chura wa Kihansi.* Huyu ndiye yule niliyemtaja mwanzo. Ni chura wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimita 3, na makazi yake ya asili ni bonde la maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996. Maporomoko yalipopungua maji kwa sababu ya bwawa la umeme, rasharasha alizozizoea zikakauka. Mwaka 2000 vyura kadhaa wakapelekwa Marekani wahifadhiwe, na mwaka 2010 baadhi ya vizazi vyao wakarudishwa Tanzania. Vyura wengi hutaga mayai majini, yakawa viluwiluwi. Huyu huzaa vyura wadogo waliokamilika. Haya, mpitishe kwenye maswali. Uti wa mgongo anao. Maziwa hana. Nywele hana. Anazaa, lakini ni amfibia. Kuzaa si kipimo.

*Platipasi.* Sasa mgeukie wa upande wa pili. Mashariki mwa Australia na kisiwa cha Tasmania kuna mnyama mwenye mdomo mpana kama wa bata, mkia bapa na miguu yenye utando. Ngozi yake ilipofika Uingereza, mtaalamu George Shaw wa makumbusho ya London, aliyeandika habari zake mwaka 1799, alishuku kwamba kuna mtu ameshona vipande vya wanyama tofauti. Baadaye ilithibitishwa kwamba hutaga mayai, na jambo hilo lilimalizika mwaka 1884 mtafiti William Caldwell alipoyaona mayai yenyewe. Je, ni ndege? Mwili wake umejaa nywele laini. Mayai yakianguliwa, maziwa huchuruzika kwenye ngozi ya tumbo la mama, kwa maana hana chuchu, na watoto huyalamba. Ana maziwa, ana nywele: ni mamalia. Yeye na ekidina, mnyama mwenye miiba wa Australia na Guinea Mpya, ndio mamalia pekee wanaotaga walio hai leo.

Hapohapo Australia yupo kangaruu, ambaye huzaa mtoto wa sentimita 2 hivi, asiyeona, asiye na nywele. Mtoto hutambaa mwenyewe mpaka kwenye mfuko wa tumbo la mama, hushika chuchu na kukaa humo miezi kadhaa. Wewe ulikaa tumboni miezi tisa ukilishwa kupitia kondo na uzi wa kitovu uliokuunganisha na mama. Kitovu chako ni kovu la mahali hapo. Ng'ombe anacho, paka anacho, ila kimefunikwa na manyoya.

Mzazi au mwalimu unayesoma na mtoto, mpe nafasi abishane hapa. Mtoto akikuuliza kwa nini chura anayezaa anaachwa nje na platipasi anayetaga anaingizwa ndani, usimjibu haraka. Mrudishe kwenye jedwali aangalie safu ya maziwa.

Hatua ya sita: jaza jedwali peke yako

Andika majina haya: kima, kenge, kanga, pweza, pimbi, kasa, fisi, dagaa, panya buku, sange, binadamu. Jaza safu zote kabla hujasoma aya inayofuata.

Pweza hana uti wa mgongo. Dagaa ni samaki, kenge na kasa ni reptilia, kanga ni ndege. Waliobaki wote ni mamalia. Panya buku ana vifuko mashavuni, lakini hivyo ni vya kubebea chakula, havihusiani na mfuko wa kangaruu. Huyu ndiye panya anayefundishwa kule Morogoro kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu.

Pimbi na sange niliwaweka makusudi. Pimbi, yule wa kwenye mawe, ana umbo la sungura asiye na masikio marefu. Sange ni kamnyama chenye pua ndefu inayochezacheza, na aina mojawapo kubwa iligunduliwa katika misitu ya Udzungwa na kutangazwa mwaka 2008. Wote wawili wana undugu wa karibu zaidi na tembo na nguva kuliko walio nao na sungura au panya. Wataalamu wamelijua hilo kwa kuchunguza mifupa, meno na vinasaba.

Kama kuna mnyama ambaye safu yake ya maziwa huwezi kuijaza, weka alama ya kuuliza na umtafute anayeishi naye: bwana mifugo kwa wanyama wa zizini, mvuvi kwa wa baharini, askari wa wanyamapori kwa wa porini. Swali la kumuuliza unalo tayari. Muulize watoto wake wakizaliwa wanakula nini.